Mbia au Peke Yako: Jinsi ya Kuamua Kabla Hujatia Saini

Mfanyakazi asiyefaa hulipwa stahiki zake akaondoka. Mkopo mbaya hulipwa mpaka ukaisha. Mbia si hivyo. Ukimpa mtu nusu ya biashara leo, nusu hiyo itakuwa yake mwaka wa tano na wa kumi, awe anafika kazini au hafiki, mpaka mtu ainunue kwake. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama fulani anafaa, kuna swali la mwanzo ambalo wengi hulivuka: ni kitu gani hasa kinachopungua katika biashara yangu, na je, hakipatikani kwa njia nyingine yoyote isipokuwa kutoa sehemu ya umiliki?

Fuata mpangilio huu: pengo kwanza, kisha hesabu, kisha mtu, mwisho maandishi. Wengi huanza na mtu, kwa kuwa ni rafiki, au ni ndugu, au amejitokeza na fedha wakati wa shida. Ukishamkubali moyoni, kila hesabu utaipindisha impendelee.

Tafuta pengo

Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila unachokifanya kwa vipande vya nusu saa. Usiandike "kazi za ofisi". Andika "kumkumbusha mteja deni", "kuandaa ankara", "kupanga mzigo", "kumtuliza mteja aliyecheleweshewa". Wiki mbili zikiisha, weka alama pembeni mwa kila mstari: P kwa kazi ambayo ni wewe pekee unayeiweza, L kwa kazi ambayo mtu wa kulipwa angeiweza baada ya kufundishwa wiki moja au mbili, na S kwa kazi usiyoiweza vizuri na ambayo unaiahirisha kila siku. Kisha andika orodha ya pili, fupi, ya mambo yaliyokupita: oda uliyoikataa kwa kukosa mtaji, mteja aliyehama kwa kukosa majibu, zabuni uliyoshindwa kuijaza.

Kama L ndizo nyingi, umepungukiwa na muda. Ajiri, hata kwa nusu siku. Kumpa mtu nusu ya biashara ili akusaidie kuandaa ankara ni kununua sindano kwa bei ya cherehani.

Kama orodha ya pili imejaa oda zilizokosa mtaji, umepungukiwa na fedha. Fedha zina milango mingi kabla ya ubia: malipo ya awali kutoka kwa mteja, muda wa siku 30 wa kumlipa muuzaji wa jumla, mkopo, au makubaliano ya kumlipa mtoa fedha asilimia fulani ya mauzo mpaka afikie kiasi kilichopangwa kisha aondoke. Njia hii ya mwisho haifahamiki sana, nayo inafaa kwa biashara yenye mauzo ya kila siku: mtu anatoa 1,000, analipwa asilimia 5 ya mauzo mpaka apate 1,300, basi. Hana kura wala hisa. Mwandikishane lini hesabu inatolewa na nani anaihakiki, maana mauzo yakifichwa mpango mzima unaharibika. Mwulize wakili pia kama sheria ya nchi yenu inauhesabu mpango huo kuwa mkopo wenye masharti yake.

Ukikosa wateja, jaribu kwanza kumlipa mwenye mtandao wa watu kamisheni kwa kila mteja anayemleta. Ukikosa ujuzi unaouhitaji mara nne kwa mwaka, mlipe mtaalamu kwa kazi.

Liko pengo moja ambalo watu hawalitaji kwa jina lake, nalo ni upweke. Mtu amechoka kuamua peke yake, anaogopa kukosea, hana wa kumwambia habari mbaya saa tatu usiku. Hitaji hilo ni la kweli na halina aibu. Ila hili ndilo linaloleta ubia mbaya kuliko mapengo mengine yote, kwa sababu mtu mpweke humkubali yeyote anayesikiliza vizuri. Mshauri unayekutana naye mara moja kwa mwezi, aliyewahi kuendesha biashara ya aina yako, hutuliza sehemu kubwa ya hofu hiyo bila kuchukua hata asilimia moja.

Mbia anahitajika kweli pale mambo matatu yanapokutana. Pengo liko kwenye kiini cha biashara, halipo pembeni. Ni la kudumu, wala si la msimu. Na mwenye uwezo wa kulijaza hapatikani kwa mshahara unaoumudu sasa wala unaotarajia kuumudu karibuni. Mfano wa kawaida ni fundi bingwa asiyejua kuuza akikutana na muuzaji hodari asiyejua kutengeneza: kila mmoja bila mwenziwe ana nusu ya biashara, na nusu ya biashara hailipi.

Piga hesabu ya fungu

Kanuni ni fupi: gawanya faida yako ya sasa kwa fungu litakalobaki mikononi mwako. Jibu ndilo faida ambayo biashara lazima ifikie ili usipungukiwe. Tuseme unapata 100 kwa mwezi. Ukimpa mbia asilimia 50, biashara lazima ifikie 200 ndipo urudi ulipokuwa. Ukimpa 40, lazima ifikie kama 167. Ukimpa 30, kama 143. Sasa mwombe huyo mbia mtarajiwa akuonyeshe kwa maandishi, mwezi kwa mwezi, ongezeko hilo litatoka wapi: wateja gani, kwa bei gani, kuanzia lini. Asiyeweza kukuonyesha kwenye karatasi hataweza kukuonyesha sokoni.

Linganisha pia na mshahara. Kama kazi hiyo hiyo ingefanywa na mwajiriwa wa 30 kwa mwezi, basi mbia anayechukua 50 ni ghali zaidi leo, na atazidi kuwa ghali kadiri faida inavyopanda. Lakini uwe mwadilifu katika hesabu hii: mwajiriwa hulipwa hata mwezi wa hasara, mbia hula hasara pamoja nawe. Biashara yenye mapato ya kupanda na kushuka, isiyo na akiba ya miezi mitatu, inaweza kuvunjwa na mishahara kabla haijavunjwa na ubia.

Deni lake ni deni lako

Hapa ndipo panapoumiza zaidi, na ndipo watu husoma haraka haraka. Katika ubia wa kawaida, usiosajiliwa kama kampuni yenye dhima ya ukomo (yaani kampuni ambayo madeni yake huishia kwenye mali yake, hayagusi mali binafsi za wamiliki), kila mbia anaweza kuiwajibisha biashara nzima kwa neno lake na saini yake katika shughuli za kawaida za biashara hiyo. Akichukua bidhaa kwa mkopo, nyote mmekopa. Na mali ya biashara isipotosha, mdai anaweza kufuata mali zenu binafsi. Mwenye nyumba na mwenye mikono mitupu hawabebi mzigo sawa, kwani mdai atamfuata yule mwenye kitu cha kuchukuliwa.

Tarehe 1 Aprili 1976 Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne walitia saini mkataba wa ubia wa Apple. Wawili wa kwanza walichukua asilimia 45 kila mmoja, Wayne asilimia 10. Baada ya siku 12 Wayne alijiondoa akalipwa dola 800, na baadaye dola 1,500 za kuachia madai yoyote. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha mtu aliyetupa utajiri. Kisome upya kwa macho ya dhima: Jobs alikuwa anachukua vifaa kwa mkopo ili kutimiza oda, na kati ya wale watatu, Wayne ndiye aliyekuwa na mali ya kufuatwa na wadai. Hofu yake ilikuwa sahihi kisheria. Kilichokosekana ni umbo la biashara ambalo lingemlinda na huku likimwachia fungu lake.

Kwa hiyo, kama mbia mtarajiwa ataweza kukopa kwa jina la biashara, sajilini kampuni yenye dhima ya ukomo kabla ya deni la kwanza. Na jueni kwamba kinga hiyo inatoboka siku mmoja wenu anapoweka dhamana binafsi benki. Dhamana ya namna hiyo isitolewe bila kuandikwa pembeni jinsi mwenziwe atakavyochangia ikidaiwa.

Wako wanaosema, "Sisi hatujaandikishana, kwa hiyo hakuna anayetufunga." Ni kinyume chake. Pasipo maandishi, sheria hujaza nafasi. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilifuata misingi yake, inasema kwamba pasipo makubaliano tofauti, wabia hugawana faida sawa hata kama kazi yao si sawa, hakuna anayedai mshahara kwa kazi yake, walio wengi hawawezi kumfukuza mmoja, ubia usiopangiwa muda huvunjwa kwa taarifa ya mbia yeyote, na kifo cha mmoja huuvunja. Soma sheria ya nchi yako, kisha jiulize kama hayo ndiyo uliyoyataka.

Mpime mtu

Kaeni mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake, mjibu maswali haya bila kuonana. Unahitaji kuchukua kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya nyumbani? Utafanya kazi saa ngapi kwa wiki, na una shughuli gani nyingine? Baada ya miaka mitano unataka biashara iwe na ukubwa gani? Mtu akija kuinunua, utauza kwa kiasi gani? Hasara ikifika wapi utataka tufunge? Ndugu zetu wataajiriwa humu? Mmoja akiugua miezi sita, aendelee kulipwa?

Badilishaneni karatasi. Tofauti kwenye suala la ndugu au la ugonjwa huzungumzika. Tofauti kubwa kwenye fedha za nyumbani na kwenye ukubwa wa biashara ndiyo inayovunja ubia, kwa kuwa mmoja atataka kila faida irudi kwenye mzunguko na mwingine ana ada na kodi ya nyumba zinazomsubiri. Hakuna aliye mwovu hapo. Wamepanda chombo kimoja wakielekea bandari mbili.

Omba kuona madeni yake, kesi zake kama zipo, na biashara nyingine alizomo, nawe umwonyeshe zako. Zungumza na watu wawili aliowahi kushirikiana nao kifedha, na mmoja wao awe yule waliyeachana. Usimuulize kama ni mtu mzuri. Muulize hivi: mlipoachana, nani alibaki na deni, na lililipwa lini?

Kisha fanyeni kazi moja pamoja yenye mwanzo na mwisho, isiyozidi siku 90. Iwe na akaunti yake, na barua ya ukurasa mmoja inayosema nani anatoa nini, faida inagawanywaje, na kwamba kazi hii haimfanyi yeyote kuwa mmiliki wa biashara ya mwenziwe. Angalia mambo madogo: habari mbaya anakuletea siku hiyo hiyo, au unazigundua mwenyewe? Stakabadhi zinafika, au zinasimuliwa? Anaowadai anawafuatilia, na wanaomdai anawapokea simu? Mkitofautiana, anarudi kwenye hoja au ananuna? Katika kipindi hicho usimtambulishe kwa wateja kama "mwenzangu wa biashara". Anayejitokeza au kuachiwa ajitokeze kama mbia anaweza kuwajibika kama mbia kwa yule aliyetoa mkopo kwa kuamini hivyo.

Mkigawana, tenganisheni malipo matatu

Magomvi mengi ya "mimi ndiye ninayefanya kazi" na "mimi ndiye niliyetoa fedha" hutoka kwenye kosa moja: kulipa kazi, mtaji na umiliki kwa asilimia ile ile moja. Tenganisheni.

Tuseme faida ya mwaka kabla ya kuwalipa wabia ni 1,000. Mmoja anafanya kazi wiki nzima, ujira wake ni 400. Mwingine anafanya siku moja kwa wiki, ujira wake ni 100. Wa kwanza aliweka mtaji wa 500, wa pili 1,500, na mmekubaliana mtaji ulipwe asilimia 10 kwa mwaka: 50 na 150. Imebaki 300. Wekeni asilimia 20 yake, yaani 60, kama akiba ya biashara, na 240 mgawane kwa umiliki. Kama ni nusu kwa nusu, kila mmoja 120. Wa kwanza amepata 570, wa pili 370, na kila mmoja anaona kila sehemu imetoka wapi. Mwaka ambao mwenye siku moja ataanza kuja siku tatu, mnabadilisha mstari mmoja tu.

Umiliki wenyewe usitolewe wote siku ya kwanza. Utaratibu uliozoeleka katika kampuni changa za teknolojia, na unaofaa popote, ni fungu kuiva kwa miaka minne, huku mwaka wa kwanza ukiwa kizingiti. Anayeondoka kabla ya miezi 12 haondoki na kitu. Miezi 12 ikitimia, robo ya fungu huiva kwa mara moja, na baada ya hapo kila mwezi huivisha sehemu moja ya 48. Aliyeahidiwa asilimia 40 akaondoka mwezi wa 18 anabaki na asilimia 15. Utaratibu huu uwahusu wote, pamoja na mwenye wazo, la sivyo huonekana kama mtego wa mgeni peke yake. Anayeingia kwenye biashara iliyokwisha simama anaweza kukuomba sehemu yako ihesabiwe kuwa imeiva kwa miaka uliyokwisha fanya, na hiyo ni haki.

Nusu kwa nusu inavutia kwa kuwa hakuna anayejiona mdogo. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja, na kura mbili zinazolingana hazitoi uamuzi. Mkishikilia usawa, gawaneni maeneo: mmoja ana neno la mwisho kwenye uzalishaji, mwingine kwenye mauzo na bei. Mambo machache yabaki ya wote wawili, kama kukopa, kuajiri ndugu, kununua chochote kinachozidi kiasi mlichokitaja kwa tarakimu, kubadili aina ya biashara na kuingiza mbia mpya. Mkikwama kwenye hayo, andikeni hatua: siku 7 za kutulia, kisha msuluhishi mliyemtaja kwa jina tangu mwanzo, kisha kununuana.

Kununuana kuna kanuni nzuri kwa walio nusu kwa nusu. Mmoja anataja bei, na mwenziwe ana siku 30 za kuchagua: auze fungu lake kwa bei hiyo, au anunue la mtaja bei kwa bei hiyo hiyo. Anayetaja hawezi kuidunisha kwa kuwa yeye mwenyewe anaweza kulazimika kuuza kwayo. Udhaifu wake ni kwamba mwenye fedha nyingi anaweza kutaja bei ya chini akijua mwenziwe hana cha kununulia. Dawa yake ni kuruhusu malipo ya awamu, kwa mfano ndani ya miezi 24.

Andikeni njia ya kutokea kwanza

Mkianza mkataba na sehemu ya kuachana, sehemu nyingine zote zitaandikika kwa urahisi. Chagueni kanuni ya thamani sasa, wakati hakuna anayejua kama atakuwa muuzaji au mnunuzi. Mojawapo ni wastani wa faida ya miaka mitatu, baada ya kutoa ujira wa wabia, mara mbili. Wastani ukiwa 600, biashara ni 1,200, fungu la asilimia 40 ni 480, linalolipwa 20 kwa mwezi kwa miezi 24. Msisahau kutoa ujira wa wabia, kwani bila hivyo faida inavimba na anayebaki analipia jasho lake mwenyewe. Kwa biashara yenye mashine na mzigo mwingi ghalani, kanuni ya faida hupunja. Tumieni mthamini asiyewajua nyote.

Andikeni pia nini kinatokea mmoja akifa: warithi walipwe thamani, au waingie kama wabia? Mkinyamaza, unaweza kujikuta unafanya maamuzi na watu ambao hukuwachagua, wakiwa msibani. Andikeni nani anabaki na namba ya simu ya biashara, kurasa za mitandao ya kijamii, jina la tovuti na orodha ya wateja. Vitu hivi visajiliwe kwa jina la biashara tangu siku ya kwanza. Si ajabu mbia kuondoka na namba ambayo wateja wote wanaijua, na hakuna mkataba uliosema si yake.

Upande wa fedha: watia saini wawili kwa kila malipo yanayozidi kiwango mlichokiweka, taarifa ya benki iwafikie wote wawili moja kwa moja, na hesabu za mwezi zifungwe kabla ya tarehe 10. Hakuna kuchukua fedha kwenye mauzo ya siku, hata kidogo, hata kwa ahadi ya kurudisha jioni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ubia hupotea pamoja na imani. Kila mmoja apeleke rasimu kwa wakili wake. Wakili mmoja wa wote wawili ni nafuu, mpaka siku mtakapohitaji ushauri wa kupingana.

Ukiamua kubaki peke yako

Kuna vitu vitatu ambavyo mbia angekuletea bila kuombwa, nawe sasa huna budi kuvipanga. Jicho la pili: mhasibu wa nje apitie vitabu vyako mara moja kwa mwezi, akiwa na ruhusa ya kukuuliza swali lolote. Mpingaji: mtu mmoja ambaye humpelekei wazo lako apigie makofi, ila umemwomba atafute tundu, hasa kabla ya kukopa au kusaini mkataba wa zaidi ya mwaka.

Cha tatu ni mtu wa kushika usukani ukianguka. Mwandikie barua ya kurasa mbili: oda zinazoendelea na hatua zilipofikia, nani analipwa kwanza na nani anaweza kusubiri, wauzaji wa bidhaa na masharti yao, funguo ziko wapi, na namna ya kumpata mhasibu na wakili. Usiandike nywila humo. Zihifadhi kwa njia salama na ueleze zinafunguliwaje. Ihuishe kila miezi mitatu. Kisha ijaribu: kaa siku tatu bila kufika kazini wala kupokea simu, umwachie barua hiyo. Kinachokwama siku hizo ndicho cha kuandikiwa maelekezo kwanza. Kitu kile kile kikikwama mara ya tatu hata baada ya kukiandikia, rudi kwenye daftari la wiki mbili ukitazame kina alama gani.